Zabibu Anaishi Humu Humu

Jumatatu, 3 Oktoba

Siku njema sana. Leopold anaacha usimamizi wa Baraza la Fikra Nyoofu! Ametangaza asubuhi jikoni, kando ya bomba linalovuja. Anahamia milimani kufuga nyuki. Baraza letu husomwa mtandaoni dunia nzima, na msimamizi ndiye anayeamua andiko lipi lipande juu na lipi lizame. Nimekitamani kiti hicho tangu siku niliyohamia nyumba hii ya Berkeley. Kura ni Jumapili, hapa hapa sebuleni. Wapiga kura ni sisi wanne tunaoishi humu, maana Baraza lilizaliwa humu: Leopold, Tobin, Anneliese na mimi, Vartan.

Uwezekano wa Vartan kuchaguliwa: asilimia 64. Nikauandika kwenye ubao wa jikoni, kama desturi ya nyumba. Nikaenda kukoroga uji wangu wa unga wa lishe. Niliporudi, 64 imefutwa, imeandikwa 11. Tobin alikuwa karibu na ubao akijikuna shingo. Naye anautaka usimamizi. Nikamwambia tuwekeane dau: nikichaguliwa aoshe yeye vyombo vya nyumba nzima hadi Krismasi, nisipochaguliwa nioshe mimi. Akakubali upesi mno. Upesi wa nini?

Halafu kuna shindano. Kila mwaka Baraza humtunuku mtu aliyelikosoa vizuri kuliko wote. Hakuna watu wanaopenda kukosolewa kama sisi. Mimi nimeshatuma ukosoaji wangu. Nimesema kosa letu kubwa ni unyenyekevu uliopita kiasi.

Jioni nikampigia Mama kule Fresno, kama kila jioni. Nikamweleza yote. Akauliza kama nimekula. Nikasema ndiyo Mama.

Jumanne, 4 Oktoba

Balaa. Limeingia andiko jipya la shindano. Mwandishi anajiita Zabibu. Hana picha, hana historia, hakuna amjuaye. Tangu asubuhi watu mia nne wamelisifu. Langu limesifiwa na wawili, na mmoja wao ni mimi.

Zabibu anasema vijana wa Baraza wanaijua asilimia ya dunia kuangamia, lakini bomba la jikoni kwao linavuja tangu Pasaka, kila mmoja ameliandikia makala, na hakuna aliyekwenda dukani kununua kipira chake cha kuzibia. Anasema wakigundua jambo ambalo bibi zao walilijua, hulipa jina jipya na kulijazia kurasa arobaini. Anasema wanadhani kutamka "huenda nimekosea" ni sawa na kukubali kwamba umekosea.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini aya ya mwisho! Eti yuko kijana mmoja aliyechora jedwali la kuchagua binti wa kumwomba dansi, akapima macho, mazungumzo na umbali wa nyumbani kwao, na alipomaliza kujumlisha ukumbi ulikuwa unafagiwa.

Huyo ni mimi! Oakland, mwaka jana. Sikumwambia mtu yeyote. (Nilimwambia Mama, lakini Mama si mtu wa kuhesabiwa.)

Bomba letu. Jedwali langu. Kwa hiyo Zabibu anaishi humu humu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni ilikuwa Duara. Kila Jumanne tunakaa chini kwenye zulia na kuambiana ukweli, na sheria ni kwamba anayeambiwa hujibu maneno mawili tu: asante, nimepokea. Leopold alilisoma andiko la Zabibu kwa sauti. Tobin alicheka kwenye habari ya jedwali. Anneliese hakucheka, alinitazama tu. Kwa nini hakucheka? Lilichekesha. Nikaandika asilimia zangu kwenye kikaratasi cha mfukoni: Tobin 55, Anneliese 30, Leopold 15.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimemjibu Zabibu hadharani. Nimefuata utaratibu: kwanza unamvika mpinzani suti, yaani unaieleza hoja yake vizuri kuliko alivyoieleza mwenyewe, kisha ndipo unaichana. Suti peke yake ilichukua asubuhi nzima. Kuchana kukachukua mchana wote. Bomba likawa linadondoka tu nyuma yangu.

Zabibu akajibu kabla ya jua kuzama. Aliandika hivi: "Nimesoma lote mpaka mwisho. Umeandika vizuri, mwanangu. Sasa kale kitu cha moto."

Mwanangu! Dharau gani hii? Nimesoma maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ni Tobin. Tena nina ushahidi mwingine. Mama hunitumia kasha la zabibu kavu kila mwezi, kutoka shamba la jirani yake. Humu ndani hakuna anayezila isipokuwa Tobin. Huchota kwa kiganja, kama nyani aliyeachiwa ghala. Mtu hujiita kwa kile anachokipenda. Tobin sasa 81.

Anneliese aligonga mlango akaniletea supu ya dengu. Alisema hajaniona nikitafuna kitu tangu Jumapili. Supu ilikuwa tamu, lakini mtu hatoi supu bure. Anneliese 35. (Najua jumla inapita mia. Nitairekebisha.)

Alhamisi, 6 Oktoba

Nina mtego, na ni mzuri mno hata nimejipongeza kwenye kioo.

Kila mmoja wao nimempa siri yake ya uongo. Tobin nimemwambia kwamba siku hizi napima soksi kwenye mizani kabla ya kuvaa. Anneliese nimemwambia navuta pumzi kwa tundu moja la pua siku za shufwa na jingine siku za witiri, ili kunoa akili. Leopold nimemwambia nina asilimia 31 kwamba njiwa wa darini anatupeleleza. Siri itakayotokea kwenye maandiko ya Zabibu ndiyo itakayomtaja mwenyewe.

Wote watatu walisikiliza bila kushangaa hata kidogo. Hilo nalo linatia shaka.

Jioni nikampigia Mama na kumweleza mtego mzima, nani kapewa siri gani. Mtu lazima awe na mmoja wa kumwambia. Alicheka mpaka akakohoa. Alitaka nirudie ile ya njiwa, polepole. Kisha akasema, "Vartan, nenda kawaambie hao wenzako ulikuwa unatania. Utakuja kuumiza mtu." Nikasema ndiyo Mama.

Ijumaa, 7 Oktoba

Sikuamini macho yangu. Zabibu ameandika tena. Soksi zimo. Pua imo. Njiwa yumo!

Zote tatu! Nilizunguka chumba nikishika kichwa. Mtego ulitengenezwa ushike mmoja, umeshika watatu. Maelezo ni mamoja tu: wamekula njama. Wanakutana, wanabadilishana siri zangu, kisha wanaandika kwa mkono mmoja. Ndiyo maana Zabibu anaandika vizuri hivyo.

Nikawaza kama kuna maelezo mengine, maana mtu mwenye fikra nyoofu hujiuliza hivyo. Nikajiuliza. Hayapo. Njama: asilimia 96.

Mwisho wa andiko Zabibu ameandika kwamba yule kijana wa jedwali si mjinga hata kidogo, ila anawahesabu wanaompenda badala ya kuketi nao. Watu elfu moja wamesifu sentensi hiyo. Wengine wamesema wamelia. Mimi niliirudia mara tatu, nikitafuta kosa la tahajia.

Jumapili, 9 Oktoba

Naandika usiku huu huu, kabla sijalala.

Sebule ilijaa. Watu wa Baraza walikuja kutoka Oakland na kwingineko kushuhudia, viatu vikawa lundo mlangoni. Leopold alimpa kila mgombea nafasi ya kusema. Tobin alisema kwa kifupi angeongeza wasimamizi wasaidizi. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri juu ya usimamizi, lakini nikaikunja. Ukweli kwanza.

Nikawafichua. Mmoja mmoja. Nikawaonyesha mchoro wangu wenye mishale. Nikasema Tobin ni mwizi wa zabibu, Leopold ni mnafiki anayejificha nyuma ya nyuki, na Anneliese alikuwa ananilisha supu ili anichimbe siri.

Tobin akasema asante, nimepokea. Leopold akasema asante, nimepokea. Anneliese hakusema hivyo. Alisimama, na uso wake ukawa mwekundu hadi masikioni.

"Nilikuletea supu kwa sababu ulikuwa unakonda," alisema. "Na kura yangu ilikuwa yako. Leopold naye alishaniambia atapiga kura kama mimi. Ulikuwa umeshashinda, Vartan. Ulitakiwa ukae kimya tu."

Nikamwambia huenda nimekosea. Akaniuliza kwa asilimia ngapi. Nikamwambia nne.

Kura zikapigwa. Tobin alijipigia. Mimi nilijipigia. Leopold akasema, kwa kuwa Zabibu ndiye aliyesifiwa kuliko wote na ndiye mshindi wa shindano na ndiye mtu pekee aliyesema jambo la maana mwaka huu, yeye anampa Zabibu usimamizi. Anneliese akainua mkono kumuunga mkono. Kura mbili! Nimeshindwa na tunda.

Leopold akamwandikia Zabibu pale pale. Zabibu akajibu kwamba atafika mwenyewe Jumanne mchana, aione nyumba kwanza.

Niliosha vyombo vya wageni wote. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nakitaka kile kiti kuliko kitu chochote, na nilikuwa nimeshakikalia bila kujua.

Jumanne, 11 Oktoba

Nilikaa nyuma ya mlango tangu asubuhi, tayari kumuona Zabibu kwa macho yangu. Nilikisia wangemkodi mwigizaji. Kengele ikalia. Nikafungua kwa ghafla.

Ni Mama! Kofia yake ya safari, sufuria ya dolma (wali uliosokotwa ndani ya majani ya mzabibu) imefungwa kwa taulo, mfuko wa karatasi mkononi. Wakati mbaya kuliko wote. Nikamvuta ndani, nikamwambia ajifiche kwenye kabati la makoti upesi, namngoja adui. Akasimama tu kwenye zulia akivua viatu.

"Adui gani, baba? Mimi ndiye Zabibu."

Leopold, Tobin na Anneliese walikuwa wameshatoka kwenye vyumba vyao. Mama akakaa, akawaeleza. Alisema kwa miaka mitatu ananiambia mambo yale yale kwenye simu, na kila mara namjibu ndiyo Mama, wala sisikii. "Nikaandika kwa jina la zabibu," alisema, "akanisoma mpaka mwisho. Akanijibu kurasa na kurasa. Hatujawahi kuongea sana hivyo tangu akiwa mdogo." Akanishika shavu mbele ya watu. Macho yake yalikuwa na machozi, na yangu sijui yalikuwa na nini.

Wote wakamwamini papo hapo. Anneliese alimkumbatia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ushahidi, hao ndio watu wa fikra nyoofu. Mama akatoa kwenye ule mfuko kipira cha kuzibia bomba. Yeye na Anneliese wakalitengeneza bomba kabla dolma hazijapoa.

Kukawa kimya jikoni. Nilikuwa nimezoea ule mdondoko. Mama akanivuta pembeni, akaniambia nikamwombe Anneliese radhi, leo, kwa maneno ya kawaida, bila namba. Nikasema ndiyo Mama.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimepata siku kadhaa za kufikiri kwa utulivu, nikiosha vyombo.

Mama amekubali usimamizi na anauendesha kutoka Fresno. Maandiko yamekuwa mafupi. Chini ya kila ugomvi huandika kwamba nyote wawili mkalale, na wanalala. Wasomaji wameongezeka. Hilo lenyewe linanipa shaka.

Maana tupime. Akaunti yake ya Baraza nilimfungulia mimi Krismasi ili asome makala zangu, na aliniuliza barua zake za mtandaoni hupitia kwa tarishi gani. Mtu huyo ndiye aandike maneno ya kuliza watu elfu? Kabla ya Jumanne nilikuwa nimeweka uwezekano wa Mama kuwa Zabibu kwenye asilimia 2. Baada ya kukiri kwake nimeupandisha hadi 3. Mtu mwenye fikra nyoofu hubadilika akiona ushahidi.

Asilimia zilizobaki zinasema Mama anamfichia mtu. Kwa moyo wake mwema amejitwika lawama. Na ni nani amezoeana naye ghafla, wanatumiana picha za maua na mapishi? Ni nani amesimamisha supu yake tangu Jumapili ile? Nilitaka kumwomba radhi Anneliese. Nilifika hadi mlangoni kwake na chupa ya juisi. Nikasikia akicheka kwenye simu, akisema "ndiyo Mama Siranush". Ndilo jina la Mama. Nikarudi zangu na juisi yangu. Anneliese: asilimia 88.

Nina mtego mpya. Huu hauna tundu.

Jioni nimempigia Mama, nikamweleza mpango wote, hatua kwa hatua, maana ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kunivujishia siri. Hakunikatiza hata mara moja. Aliniomba tu nirudie sehemu ya juisi, polepole. Upande wake nilisikia kitu kikigonga gonga, ta-ta-ta, haraka haraka, na kusita kila niliponyamaza. Anachambua dengu, maskini, na usiku umeshaingia.