Dawa ya Barua Taka

Jumatatu, 4 Machi
Aibu! Bosi kafungua barua pepe mbele ya wageni, likatokea tangazo la dawa za nguvu za kiume. Limemtaja kwa jina. Wageni wakatazama dari. Karani wa mapokezi, hasimu wangu, akaniuliza kwa upole kama hii seva naiongoza au naifuga tu. Nimeingia kwenye kichujio nikaandika neno moja: dawa. Barua yoyote yenye herufi hizo itupwe, isibaki hata nakala. Kazi kwisha.

Jumatano, 6 Machi
Kimya kitamu. Bosi kanipigapiga begani. Karani akasema mbona hata wateja wamenyamaza. Wivu huo!

Jumatatu, 11 Machi
Maagizo hakuna. Bosi kawarudisha mafundi nyumbani, akiwamo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyenibembelezea kazi hii. Jioni kaja kwetu na randa zake kwenye mfuko. Nikalaani hali ya uchumi kwa sauti. Shemeji akaitikia, tena akanipa pole.

Jumanne, 12 Machi
Mwalimu mkuu wa shule moja, mteja wetu, kaja mwenyewe, kafura. Anaandika kuagiza, hajibiwi. Karani akamwomba atume tena palepale. Haikuingia. Karani akasoma simu ya mwalimu, akasoma kichujio changu, akanigeukia.
"Kaka, hapa tunatengeneza nini?"
Madawati. Tunatengeneza madawati! Ma-dawa-ti. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 13 Machi
Nimemwomba shemeji radhi. Heri angefoka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ule uchumi ulikuwa wewe?" Nimeshindwa kumtazama usoni.

Ijumaa, 15 Machi
Shule zimeshanunua kwingine. Bosi kasema kilichobaki cha kutuokoa ni meza za ofisi. Kaziandikia kampuni zote, majibu yaje kwa barua pepe. Shemeji ataitwa kazini agizo la kwanza likiingia. Nimemwahidi mbele ya dada yake kwamba safari hii sitamwangusha.
Neno "dawa" nimelifuta. Matangazo yakarudi kwa kishindo. Lakini sasa nimekuwa makini, nimeyasoma yote, na nimegundua kitu: kila moja linasema meza kidonge kimoja, meza viwili. Basi nimezuia "meza". Herufi nne tu. Karani atakosa la kusema.