Gundi Niliyoigundua Kwenye Bastola ya Ami Khalfan

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, tena nyumbani kwa watu, tena kwa vidole vyangu mwenyewe.

Baba yangu ni askari mstaafu. Tangu apasuliwe hospitali miezi miwili iliyopita hana hamu na kitu. Anakaa tu sebuleni kwetu Azaiba, ukimuuliza neno anajibu "alhamdulillah," mazungumzo yamekwisha. Inaniuma. Siku moja tu alichangamka, nilipomtolea picha yake ya ujanani, yuko na magwanda, bastola kiunoni. Akaigusa ile bastola kwa kidole, akasema, "Hii ilikuwa ukiishika, mgongo wenyewe unanyooka."

Nikasema khalas! Namtafutia kama hiyo.

Wiki tatu nimekuwa mtaalamu (wa simu). Nimetazama video mpaka macho yakaniwasha. Nikajua kuwa bastola kongwe ya jeshi hainunuliwi kwa kupendeza. Namba ya kwenye mtutu ilingane na ya kwenye mwili. Muhuri wa jeshi uwepo. Rangi iliyochakaa yenyewe ni bora kuliko iliyong'arishwa jana. Na kubwa kuliko yote, mshikio wa mbao. Ukiwa umevunjika ukaungwa kwa gundi, thamani imekwenda na maji. Baba angeliona hilo mara moja. Angesema ahsante mwanangu, akaifungia kabatini, na mimi nikarudi kwenye alhamdulillah zangu.

Mwenzangu kazini akanielekeza kwa mzee mmoja, Ami Khalfan wa Sidab, aliyerithi moja ya aina hiyohiyo kwa marehemu kaka yake, na sasa anaiuza. Ina karatasi zake za polisi, na mtutu umezibwa zamani, haiui hata nzi. Leo saa nne asubuhi nikabisha hodi. Kwenye mkoba nina lenzi ya bibi anayosomea msahafu. (Bibi hajui. Msimwambie.)

"Karibu, mwanangu," akasema Ami Khalfan. "Bastola haikimbii. Kahawa kwanza."

Mkewe, Bi Zuwena, akaleta kahawa na bakuli la halwa, bado ina moto, samli inachuruzika, lozi juu. Mnajua adabu zetu: hujaonja halwa ya mtu, usimtajie biashara. Nikachota kwa vidole. Tamu! Nikachota tena. (Na tena. Tusihesabiane.)

Bi Zuwena akanisogezea maji ninawe. Wakati huohuo mzee akafungua kisanduku. Basi, akili ikaniruka! Nikasema, "Ahsante Bi Zuwena, baadaye," nikajipangusa kwa karatasi, nusu ya karatasi ikabaki vidoleni, nikaidaka bastola.

Namba? Zinalingana. Muhuri? Upo. Rangi imeliwa pembeni kwa umri wake, haijaguswa. Nishamuona Baba mgongo umenyooka. Nikaigeuza huku na huku, nikaipapasa yote, kisha nikainua lenzi kukagua mshikio.

Lahaula! Pale mbao inapokutana na chuma pana kitu kinang'aa. Rangi ya hudhurungi. Kinanata. Na kando yake kipande cheupe kimekaa ndani ya mfereji wa mshikio.

Nilisikitika kweli. Halafu nikajiona mjanja.

"Ami, uniwie radhi. Hii ilivunjika ikaungwa. Gundi hii hapa. Na hapa pamezibwa kwa plasta."

Mzee akanitazama. "Gundi?"

"Gundi, Ami. Tena ya rahisi. Hata haijakauka vizuri." (Hapo mtu mwenye akili angenyamaza.) "Mwengine ungemuuzia asijue. Mie nna ujuzi kidogo."

Uso wake ukabadilika. "Kaka yangu kaitunza hii umri wake wote. Haijapata kuanguka."

Akaichukua. Akavaa miwani. Akakwangua kwa ukucha, akanusa. Kisha, mbele ya macho yangu, akalamba.



"Zafarani," akasema. Akalamba tena. "Na hiliki. Zuwena! Njoo, mgeni anasema halwa yako gundi ya rahisi."

"Gundi?" Bi Zuwena kashika kiuno. "Tena ya rahisi? Mie nimesimama juu ya sufuria tangu alfajiri!" Akainama kwenye mshikio. "Na hiyo plasta yako, mwanangu, lozi."

Nikatazama vidole vyangu. Vinang'aa mpaka kwenye kiganja. Kwa pigo moja nimemwita mzee wa watu tapeli na mkewe fundi wa gundi, na halwa yao bado iko tumboni mwangu.

Nikaomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kiarabu. Machozi yakanitoka, nikawaeleza habari yote ya Baba. Ami Khalfan akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akaifuta bastola polepole, akafunga kisanduku. Nikajua basi tena.

"Wewe sikuuzii," akasema. "Wewe huna macho. Mlete baba'ako Ijumaa baada ya sala, aikague mwenyewe. Na mie nna hamu ya mtu wa kunihadithia ilivyokuwa ikivaliwa."

Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza, lakini ikabidi nimwambie Baba kila kitu. Akasikiliza. Nilipofika pale kwenye "haijakauka vizuri," mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka! Baba! Akacheka mpaka nikaogopea mshono wake.

"Namba umezitazama?" akauliza, akijifuta macho.

"Zinalingana, Baba."

"Na springi?"

"Springi sikuangalia."

"Hujui kitu wee. Kilemba changu kile cha zambarau kiko wapi? Kipigwe pasi."

Leo ni Jumanne, jamani. Kilemba kishapigwa pasi, kinangoja Ijumaa.

Kwa hivyo anayetaka kunicheka apange foleni nyuma ya Baba. Bi Zuwena naye kanitumia ujumbe sasa hivi: halwa itakuwepo, ila safari hii bakuli la kunawia litanisubiri mlangoni.