Kapu la Mama Mkwe

Jumanne, 28 Desemba
Sikukuu ni Jumamosi, zawadi sina. Mwaka jana nilimpa mama mkwe mizani ya kujipimia uzito. Nia ilikuwa njema, naapa! Tangu siku ile hanisemeshi. Nikiwa nimeketi palepale, humwambia mke wangu: mwambie mumeo asogeze kiti. Mke wangu kachoka ukalimani. Kasema nikivuruga tena, nitakula sikukuu peke yangu, mimi na mizani yangu.

Nimepata wazo: kapu la viungo vibichi, vikiwa hai kwenye udongo. Achume mwenyewe, apike, anikumbuke kila mlo. Akili ninayo, jamani!

Alhamisi, 30 Desemba
Muuza miche kanicheka. Eti miche inataka wiki sita, na makapu yaliyokuwa tayari yamekwisha. Nimerudi kupitia sokoni. Mafungu ya giligilani, mrehani, mnanaa, yote mabichi yanang'aa. Nikajisemea: kwani nani hukagua mizizi?

Ijumaa, 31 Desemba
Nimenunua mafungu yale, nimeyachomeka kwenye udongo, nimefunga utepe. Mke wangu kauliza nimeotesha lini. Nikasema tangu Oktoba, kwa siri. Kanibusu shavuni. Nimeona haya kama dakika mbili hivi.

Jumamosi, 1 Januari
Mwanyumba wangu, yule daktari wa meno aliyemwoa dada wa mke wangu, kaleta seti ya sufuria. Sufuria tu! Mama mkwe kalinusa kapu langu, kafumba macho. Akamwambia mke wangu: mwambie mumeo, kumbe mtu wa maana. Kichwa kikavimba.

Kumbe kalipenda kupita kiasi. Akataka kuihamishia mimea bustanini papo hapo, mbele ya ukoo mzima. Nikasema jua kali. Nikasema mgongo wake. Wapi! Kashachimba shimo. Kavuta giligilani: mzizi hakuna, mpira wa muuzaji bado umeibana kiuno. Kavuta mrehani: yaleyale. Daktari akasema ameng'oa vingi maishani, ila kisicho na mzizi ndiyo mara ya kwanza. Nilitamani ardhi inimeze, na shimo lilikuwa tayari.

Mama mkwe akanigeukia. Mimi, si mke wangu! Akasema: mkwe, kudanganya hukujaliwa, njoo tuvioshe viungo hivi, tuvipike kabla havijanyauka. Tukaosha pamoja, karai moja. Alicheka mpaka akashika meza. Machozi yakanitoka, nikasingizia vitunguu.

Jumapili, 9 Januari
Mama mkwe kapiga simu. Kwangu mimi, moja kwa moja! Mnanaa aliouacha kapuni umetoa mizizi. Akaniusia: mwanangu, usinidanganye tena, hata usipoleta kitu nitakupokea. Nikaitikia kwa moyo wote. Sitasahau maneno yale.

Zawadi ya mwakani nimeshaamua: mlimau wenye matunda. Muuza miche anasema mpaka uzae ni miaka mitatu. Haidhuru. Malimau sokoni yamejaa tele, na gundi ninayo nyumbani.