Mshenga Wangu Hana Protini Msaidizi

Nyegina, Musoma Vijijini
Juni, 2003

Kwa Mwalimu Dorkas, Mwalimu wa Bayolojia,

YAH: KUNYIMWA PROTINI MSAIDIZI

Salaam nyingi, Mwalimu. Mimi ni Lukas, muuza dagaa, yule aliyekaa kiti cha mbele siku ya wazazi ingawa hana mtoto shuleni. Ulitueleza kwamba ndani ya seli kuna mjumbe aitwaye protini ya G. Habari ikibisha kwenye utando, yeye hutua mzigo wake wa zamani, hubeba mpya, kisha huipeleka habari ndani. Ukaongeza kwamba anayo protini msaidizi: humshika angali mbichi ajikunje vizuri asije akavunjwavunjwa, tena humsaidia kuutua ule mzigo wa zamani na kukaa naye hadi apate mpya. Nilipiga makofi peke yangu. Tangu siku ile sina raha, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mshenga wangu ni mjomba Masatu. Nimemtuma kijiji cha Nyamuswa mara tatu kwa wazazi wa msichana ninayempenda. Kila mara hufika na mzigo wa zamani, yaani habari za mtamba wake aliyekufa kwa ugonjwa wa ndigana. Huanza na msiba huo, huletewa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, hupewa pole, hurudi. Nikimuuliza husema, "Neno lako nilikuwaga nalo mdomoni, mjomba, ng'ombe akalipita."

2. Seli haionekani kwa macho wala haijawahi kutoa mahari, lakini imepewa msaidizi. Mimi mwenye ng'ombe wa mahari tayari zizini sina. Huo ni upendeleo.

3. Siku hizi za soko huria hata dagaa wangu wana dalali, na dalali ana dalali wake. Mshenga peke yake ndiye kaachwa ajitegemee.

4. Wazee wa kule sasa wanamhesabu Masatu kuwa mfiwa. Safari ijayo watampa mtamba, nami nibaki bila mke. Nasikia karani mmoja wa kiwanda cha samaki naye katuma mshenga hapo hapo, tena asiye na ng'ombe wa kumlilia. Naogopa sana, Mwalimu.

Kwa hiyo naomba shule iniazime protini moja ifuatane na Masatu, imsaidie kumwacha huyo mtamba mlangoni. Kama stoo zimekwisha, nielekezwe wa kumlalamikia mkoani. Bila msaidizi neno kama hili halifiki. Sayansi yenyewe imesema.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na wanafunzi walionicheka.

Ni mimi mlalamikaji wako mtiifu,
Lukas

N.B. Wazazi hao wa Nyamuswa ni Mzee Boniphace na Mama Wankyo, waliokuzaa wewe. Nimeisoma tena barua hii nikaona neno limeshafika bila mshenga wala protini, basi malalamiko yote nayafuta. Nakupenda, Dorkas. Masatu atakuja kwenu tena Jumapili. Kama jibu ni ndiyo, akianza habari za mtamba, mkatize. Kama ni hapana, mwache amalize, umwongeze na maziwa.