Kitufe Kisichoitika

Asubuhi hiyo habari ililetwa na Jonasi, fundi simu mwenye kibanda chake hatua chache kutoka stendi ya Nachingwea. Kijiweni hakuna anayemwita Jonasi. Wanamwita Apdeti, kwa kuwa simu ikiumwa chochote, hata ikiwa imetumbukia kisimani, ushauri wake wa kwanza ni kuiapdeti.

"Wakuu, mmesikia redioni?" alisema kabla hajakaa. "Kuna kampuni huko ng'ambo inaleta simu ambazo vitufe vyake vimechorwa kama kioo. Unaona mpaka picha ya nyuma. Kitufe kipo, lakini ni kama hakipo."

"Kama mkwe wangu siku ya kulima," alijibu Mzee Bonifasi.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Koleta, mwenye birika la kahawa, aligonga kikombe kwenye sinia. Huyu wamempa jina la Spika, maana bila ruhusa yake hapo hakuna anayeongea wala anayekunywa.

"Utulivu! Mheshimiwa Diski ana dakika moja. Na wewe Apdeti kaa chini, unanizibia wateja wa ming'oko, viazi pori vyangu vitapoa."

Diski ndiye Mzee Bonifasi. Alichapa matangazo ya parokia kwa miaka mingi, na hadi leo ametunza diski zake kwenye kopo la biskuti, ingawa kuanzia Nachingwea mpaka Ruangwa haijabaki mashine yenye mdomo wa kuzimeza.

"Mimi nauliza," alisema mzee, "kitufe kisichoonekana nakibonyezaje? Kompyuta yangu ya chogo ilikuwa na vitufe vimenona. Vina kivuli! Ukibonyeza kinazama, unakiona kabisa kinazama. Ukiachia kinaibuka. Hivi vya sasa vimelala kama chapati iliyokosa mafuta."

"Acha zako, mzee baba," alidakia Apdeti. "Ile kompyuta ukiiwasha unaweza kwenda sokoni ukarudi, bado inakoroma."

"Ilikuwa inaamka. Wewe ukiamka unaruka moja kwa moja mpaka barabarani? Ile inaamka taratibu, inapiga kinanda chake, halafu inakuonyesha kilima cha kijani na mawingu. Miaka yote mimi nilijua ni vilima vya Ruangwa baada ya masika."

"Kile kilima ni cha huko kwa wazungu!"

"Usiniharibie, mwanangu."

"Mimi jana nimelala alama ya kupiga simu iko chini," alisema Koleta huku akimimina. "Nimeamka iko juu. Nikajiuliza, nani kaingia kwangu usiku kuhamisha vyombo?"

"Hayo ndiyo maendeleo, Spika. Umeboreshewa."

"Nilimwomba nani? Mume wangu mwenyewe akinihamishia sufuria tunawekana kikao!"

Rogath, aliyekaa mwisho wa benchi, alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake hakikufika tumboni. Yeye hapo anaitwa Digrii. Alirudi kutoka chuo cha Dodoma na shahada ya kompyuta, na badala ya kutafuta kazi mbali akakaa nyumbani kwa mama yake, Albina, akitengeneza aplikesheni ya kuitia bodaboda. Aliipa jina Nipitie. Unaigusa, bodaboda anakufuata ulipo, unamwambia unakokwenda. Aliichora usiku na mchana, akaisafisha mpaka ikabaki nyeupe kama shuka ya Jumapili, yenye kiduara kimoja cha kijivu hafifu katikati. Alikuwa akiamini kwa moyo wote kwamba watu wa vijiji kama Naipingo na Chiola nao wanastahili kitu kizuri, si lazima kizuri kianzie Dar es Salaam.

Bodaboda wa stendi walikubali kuijaribu kwa wiki moja, na wiki iliishia leo. Fidelis, mwenyekiti wao, alikuwa amwambie kabla ya mchana kama wanabaki nayo au wanaifuta. Wakiifuta, Rogath angepanda basi kwenda kwa mjomba wake Dar, akalinde ghala la saruji. Mama alikwisha kumkunjia nguo. Alizikunja kwa uangalifu, moja moja, na hilo ndilo lililomuuma kijana.

"Digrii amenyamaza," alisema Mzee Bonifasi. "Mwenye mali yupo hapa tunabishana na redio! Ile Nipitie yako si uliniwekea kwenye simu tangu Jumatatu?"

"Niliwawekea wote, babu. Ila hakuna hata mmoja aliyeigusa."

"Leo tunaigusa. Spika, toa yako. Apdeti, na wewe, usijifanye mtaalamu."

Wote watatu wakatoa simu. Mzee akaisogeza yake mbali na uso, akairudisha karibu, akaigeuza.

"Hapa mbona hawajaandika kitu? Karatasi tupu hii."

"Kuna kiduara katikati, babu. Maneno niliyaondoa ili isichoshe macho."

"Macho yangu yanachoka kwa kutafuta, hayachoki kwa kusoma."

"Lakini mzee," Apdeti aliingilia, "kisasa ndiyo hivyo. Maneno mengi ni ushamba."

"Si ushamba," Rogath alimgeukia, akasahau simu za watu. "Hapo tunatofautiana, kaka. Mimi sikutaka kumwonyesha mtu kwamba ni mshamba. Nilitaka mama aliyetoka shamba, mikono ina vumbi, aguse mara moja tu, basi."

"Sasa unajitetea nini? Mimi niko upande wako!"

"Uko upande wangu kwa sababu mbaya."

"Loo! Digrii kakataa mpaka kura yake!" Koleta alipiga kofi la furaha, na wawili hao wakaendelea kuvutana kuhusu ushamba ni nini na nani aliuleta mjini. Wakati huo vidole vilikuwa vikigusa. Mzee aligusa, akasubiri, akagusa tena. Koleta aligusa akiwa ameshika birika kwa mkono wa pili. Hata Apdeti, katikati ya hoja zake, aligusa ya kwake akisonya, "Mtandao huo, mtandao."

Simu ya Rogath ikaita. Alikuwa Fidelis.

"Digrii, leo kuna sherehe gani huko mjini?" Sauti ilikuwa na upepo wa pikipiki ndani yake. "Watu wanaita kama wamechanganyikiwa! Wiki nzima ukame, leo mvua ya mawe. Vijana wangu wote wako barabarani!"

Rogath akasimama. Macho yalimlowa kidogo, akajifanya anaangalia stendi. "Wazee," alisema, "imeitika! Watu wanaitumia!"

Hawakupata muda wa kumpongeza. Vumbi lilitokea upande wa soko, lingine upande wa hospitali, na pikipiki zikamiminika mpaka zikalizunguka benchi kama ng'ombe kisimani. Fidelis alifika wa mwisho, akavua kofia ngumu.

"Abiria wako wapi?"

Bodaboda wakatazamana, kisha wakawatazama wanywa kahawa. Kila simu ya bodaboda ilionyesha wito umetoka sehemu moja: hapo hapo.

"Nani kaita?" Fidelis aliuliza tena.

"Mimi sijaita mtu," alisema Mzee Bonifasi. "Nimebisha hodi. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu kimya. Mtu mwenye adabu akibisha mara tatu bila kuitikiwa anaondoka. Nikaiacha."

"Na mimi tatu," alisema Koleta. "Sikulelewa porini."

Wote wakamgeukia Apdeti.

"Mimi... na mimi tatu," alisema, akitazama viatu vyake. "Bibi yangu alikuwa mkali."

Hakuna aliyethubutu kucheka, kwa sababu uso wa Rogath ulikuwa umeshuka. Fidelis alivuta pumzi.

"Dogo, nakwambia ukweli. Nilikuwa nakuja kukwambia tunaifuta. Wiki nzima hao wachache wanaoigusa wanalalamika hawajibiwi, wanaachana nayo, wanatembea kwa miguu; vijana wakifika hawakuti mtu. Sasa nimeona kwa nini."

"Ni kweli, kaka," Rogath alisema polepole. "Nilijenga nyumba nzuri nikasahau kukaa ndani. Mtu anabisha, hakuna anayesema karibu. Nipe leo hii tu. Nitaifanya iitike."

Fidelis aliwaangalia vijana wake. Kisha akamnyooshea kidole mmoja aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki nyekundu, akipiga miayo.

"Yule ni Edwin. Toka nimeujua mji huu sijawahi kumwona yuko kazini saa hizi. Leo kafika wa kwanza. Kitu kinachomwamsha Edwin hakifutwi ovyo. Kaa hapo ukitengeneze, tunakuona. Lakini waliotuita wapande! Sheria ya stendi: ukiitwa hurudi mtupu."

Apdeti alipandishwa akilalamika kwamba kibanda chake kile pale; akazungushwa soko zima ndipo akashushwa mlangoni pake. Mzee Bonifasi alichagua Naipingo, kwa dada yake, akapanda nyuma ya Edwin akiagiza mwendo wa kusindikiza maiti. Koleta aligoma kabisa. "Spika haondoki bungeni. Waliobaki kaeni mnywe kahawa, ndiyo nauli yangu."

Wakakaa. Rogath akafungua kompyuta yake ya mapajani katikati yao, kila mmoja akisema la kwake. Weka neno. Nenepesha hicho kitufe. Kipe kivuli, mzee apone roho. Vikombe vilijazwa, vikajazwa tena, na mwisho akamkabidhi Fidelis simu. Kitufe kilikuwa kinene, kimetuna, kimeandikwa NIPITIE.

Fidelis akabonyeza. Kikazama. Kikaibuka. Maandishi yakatokea: *Karibu, nimesikia. Edwin anakuja. Subiri kidogo.*

"Sasa hii ni lugha ya watu," alisema Fidelis. "Tunabaki nayo."

Walikuwa bado wanampiga Rogath makofi ya mgongoni pikipiki nyekundu ilipoonekana inarudi kwa kasi kutoka njia ya Naipingo. Edwin alifunga breki mbele ya benchi.

"Nani kaita?" aliuliza, akihema kwa bidii mpya.

Nyuma yake Mzee Bonifasi, ambaye hata kwa dada yake hakuwa amefika, alikuwa amemkumbatia kwa mikono yote miwili, nyusi zimejaa vumbi.

"Digrii, mwanangu," alisema alipoweza kusema. "Kinaitika vizuri sana. Sasa kuna jambo moja nilisahau kukwambia. Ile kompyuta yangu ya chogo, kabla haijatenda kitu, ilikuwa inauliza kwanza: una hakika?"