Sifuri ya Mstari wa Pili

Mjimwema, Njombe.
Jumatatu.

Mwalimu Hilda,
Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Nne.

YAH: KUKATAA KUSAINI FOMU YA MWANANGU PEACE, NA KUOMBA SIFURI IONDOLEWE

Kamwene, Mwalimu. Natumaini u mzima na baridi hii haijakushinda. Sisi huku miili ni mizima. Inayougua ni heshima ya baba wa nyumba.

Nimepokea fomu unayotaka niisaini ili Peace aende Makambako Jumamosi, kushindana na watoto wa shule nyingine katika kuzidisha namba kubwa. Nakujulisha kwa adabu zote kwamba sitasaini. Mimi si mtu wa kugombana na walimu, mke wangu Fidelia ni shahidi. Lakini hata mvumilivu huchoka, na sababu zangu ni hizi.

1. Ulisema watoto wafanye mazoezi kila jioni kwa vitu vya nyumbani na vya mtaani. Tangu siku hiyo sina siri. Mimi ni mzee wa kanisa, na kila Jumapili natangaza mahudhurio: waumini zaidi ya mia nne. Idadi hiyo niliirithi kwa mzee aliyenitangulia, na haijawahi kumdhuru mtu. Juzi Peace alihesabu mabenchi ishirini na manne, akazidisha kwa watu kumi na mmoja, akamnong'oneza mama yake: mia mbili sitini na nne. Mnong'ono wa mtoto huyu, Mwalimu, unafika hadi madhabahuni.

2. Siwezi tena kumkanya. Nikisema nimekwambia mara elfu, anachukua penseli na kuuliza kwa siku ilikuwa mara ngapi.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Tulikuwa tumechimba mashimo ya kupanda misindano, ile miti ya mbao: mistari thelathini na minne, kila mstari mashimo ishirini na sita. Nikashika kalamu nijue miche ya kuchukua kitaluni. Thelathini na nne mara sita, mia mbili na nne. Thelathini na nne mara mbili, sitini na nane. Nikajumlisha, nikapata mia mbili sabini na mbili. Peace akachungulia akasema nimesahau sifuri ya mstari wa pili, jibu ni mia nane themanini na nne. Sifuri! Kitu ambacho tangu utoto tumeambiwa si kitu. Utawekaje si kitu mwishoni mwa mstari, upate miche mia sita na kumi na miwili zaidi? Hiyo si hesabu, ni uchawi, na mimi ni Mlutheri.

Basi nikaleta miche yangu. Majirani ishirini walikuja kusaidia kupanda, kama tunavyosaidiana siku zote. Fidelia alipika kande sufuria mbili, na kwa wasioimba kwaya palikuwa na ulanzi kidogo, pombe yetu ya mianzi. Walianza saa mbili asubuhi, na saa tatu miche ikaisha. Mistari kumi na kipande. Jirani yangu Danford akauliza kama tumeitwa kupanda miti au kula kande. Ikabidi nieleze mbele za watu kwamba hesabu yangu iko sawa, ila mashimo ndiyo yaliyozidi. Peace alikuwa amesimama pale pale, akitazama mashimo matupu. Macho yake yaliniuma kuliko vicheko vyote.

4. Sasa majirani hawaji kwangu kuomba ushauri. Wananisalimu vizuri tu, kisha wanamwulizia Peace. Danford mwenyewe kamletea hesabu ya matuta yake ya viazi, Mama Telesia hesabu ya kitambaa cha sare za kwaya. Akishinda Makambako itakuwaje? Atarudi na cheti, kitatundikwa ukutani, nami nitakula ugali chini yake. Kesho ataitwa Iringa, kesho kutwa Dodoma, watoto wengine watamwiga, na nchi nzima itabaki bila baba hata mmoja wa kuaminiwa.

Kwa hiyo naomba kuzidisha kuishie kwenye tarakimu moja, ambako wazazi tunafika. Namba kubwa wafundishwe wakishaoa na kuolewa, wakiwa na nyumba zao za kuziaibisha. Na kama sifuri haiwezi kufutwa kabisa, basi itumike ndani ya uzio wa shule tu, isifuatane na watoto nyumbani.

Nisalimie Mwalimu Mkuu, walimu wote, mama anayepika uji, na wa nyumbani kwako.

Ni mimi, mzazi mwenye mashimo mia sita na kumi na mawili,

Elius Mtewele

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipomkuta Peace peke yake shambani. Alikuwa akichomeka kijiti baada ya shimo la sita katika kila mstari. Akanionyesha: upande huu wa vijiti, sita sita, ndiyo ile mia mbili na nne. Upande ule ndiyo ile mbili yangu. Akasema, Baba, ile mbili si mbili, ni ishirini. Kama ni mashimo mawili tu, haya mengine kumi na manane ni ya nani?

Mwalimu, sasa nikuungamie. Wiki ambayo darasa letu lilifundishwa jambo hili, mimi nilikuwa nimelazwa hospitali ya Uwemba kwa surua. Niliporudi wenzangu walishavuka, nikaona aibu kuuliza. Nimeona aibu hiyo miaka thelathini na tisa, na mwanangu ameiondoa kwa vijiti.

Fomu imo humu, nimeisaini. Tafadhali nijulishe gari la Jumamosi linaondoka saa ngapi, na kama mzazi anaruhusiwa kukaa nyuma kabisa, akiwa na daftari lake.