Siti Tatu za Kwenda Mbeya

Jumanne, 7 Oktoba. Mikumi.
Mwezi wa tano tangu niondoke Tukuyu. Mgongo unauma. Kuchimba mitaro ya nyaya za intaneti si kazi, ni adhabu! Mke wangu Tumwagile kapiga simu: Jumapili mtoto anabatizwa, nisipofika kaka yake ndiye atachagua jina. Yule! Hata beberu wake kamwita Innocent.
Ijumaa gari la kampuni linakwenda Mbeya, jirani na kwetu. Siti tatu wazi. Bryson, mchimbaji mwenzangu, anaizengea moja. Ananiita mzee wa sululu. Tutaona!

Jumatano, 8 Oktoba.
Mtambo wa kampuni unaopitisha intaneti umezima tena. Bosi wetu, Injinia Anastazia, kagundua ugonjwa. Mtambo huhesabu nafasi ya kumbukumbu yake iliyoshikwa na ujumbe unaosubiri kupita. Hesabu ikizidi kipimo, inageuka kuwa chini ya sifuri. Mtambo unajiona mtupu, unapokea tu, mpaka unazima. Nilicheka hadi machozi. Mtambo mjinga! Dawa: upime nafasi kabla ya kuongeza, pakijaa, ukatae.
Sasa anataka watu wengi wenye simu waujaribu kwa pamoja. Nikadakia: niachie mimi! Akasema nikiwapata, siti zote tatu nigawe mimi. Bryson alimeza mate.

Alhamisi, 9 Oktoba.
Nimezunguka soko zima. Kila aliyesita nikamwahidi siti. Nilihesabu kwa vidole, kwa makini. Vilipojaa nikafungua mikono, nikaiona mitupu, nikaendelea.
Saa kumi wote wakafungua video. Mtambo ukajaa, ukakataa waliozidi, ukabaki hai! Injinia aliruka. Mimi niliruka zaidi. Kwa furaha nikamwahidi hata Bryson.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Balaa! Watu ishirini na mabegi yao kwenye gari. Na majogoo. Injinia akauliza kama nilihesabu kweli. Nikamwonyesha vidole. Akakaa chini, akacheka.
Bibi Joha wa sokoni alishakalia siti yangu. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, nifungie mlango. Nikaufunga. Nifanyeje? Magreti, naye wa sokoni, akapata ya pili. Ya tatu, Bryson! Kanipungia mkono dirishani. Waliobaki walinikimbiza hadi mtaroni.

Jumapili, 12 Oktoba.
Mtoto kaitwa Innocent.
Tumwagile kauliza narudi lini. Nimemwambia Jumamosi, bila shaka yoyote. Jumamosi hiyohiyo, kuwatuliza waliokosa siti, nimemwahidi Lazaro kumvunia vitunguu Lumuma, Joyce kumwezekea paa Msowero, na Injinia mtaro wa Kilosa. Na wengine. Nimehesabu vizuri. Naangalia mikono: mitupu kabisa.
Jumamosi niko nyumbani!